Ajira ya kudumu au mkataba wa mwaka mmoja: pima kwa miezi 24, usipime kwa mshahara wa mwezi

Simu yenyewe huwa inakuja Alhamisi jioni. Mradi una fedha, wanamtaka mtu mwenye uzoefu kama wako, mshahara unakaribia mara mbili ya ulio nao, mkataba ni wa mwaka mmoja "wenye uwezekano wa kuongezwa", na jibu linatakiwa Jumatatu. Wewe una miaka minane kazini, ulishathibitishwa, una meza yako na dirisha lako. Ukiuliza nyumbani, mama atakwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Ukimuuliza rafiki aliyetoka mwaka juzi, atacheka na kusema utazeekea kwenye kiti hicho. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasema ya kwake.

Mimi ni mhasibu. Mwaka 2018 niliandika barua ya kuacha kazi ya kudumu nikaingia mkataba wa miezi 18, na leo nipo kwenye mkataba wa tatu. Sitakuambia uende wala ubaki. Nitaweka njia zote mbili mezani kwa vigezo vilevile, halafu utajua mwenyewe mizani inalalia wapi. Haya yanahusu Tanzania Bara; Zanzibar wana sheria zao za ajira, ingawa mengi ya mfukoni yanafanana.

Kwanza, mkataba gani?

Neno "mkataba" linafunika vitu viwili, na wengi hugundua tofauti wakiwa wameshasaini.

Kuna mkataba wa ajira wa muda maalumu. Mwenye mkataba huu bado ni mwajiriwa: ana likizo, anakatwa PAYE (kodi ya mshahara), anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, inautambua pamoja na mkataba usio na ukomo na ule wa kazi maalumu, na kanuni za mwaka 2017 zikaweka kwamba mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu usipungue miezi 12.

Halafu kuna mkataba wa kutoa huduma, ule ambao mtu anaitwa mshauri elekezi. Hapo huna mwajiri. Unapeleka ankara, unakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, na yaliyobaki ni mzigo wako: bima, uzeeni, siku za kuumwa, hata kompyuta. Ile asilimia 5 haimalizi kodi. Mamlaka ya Mapato, TRA, inakusubiri kwenye ritani ya mwaka, na nimeona watu wazima wakitoka jasho mwezi wa sita kwa sababu walikula kodi wakidhani ni mshahara.

Kwa hiyo ukiahidiwa "mkataba wa miezi sita", uliza papo hapo: hii ni ajira au ni huduma? Shilingi 2,800,000 za ajira na 2,800,000 za ankara hazilingani hata kidogo. Kuanzia hapa nikisema mkataba, ninamaanisha ule wa ajira. Wa huduma, kila nilipoandika "mwajiri anachangia", wewe soma "unachangia mwenyewe".

Vigezo

Nimechagua sita, na nimevichagua kwa sababu ndivyo vilivyoniuma au kuniokoa: fedha zinazofika benki kwa miezi 24, namna kazi inavyoweza kukatika, siku ukiugua au ukijifungua, mafao ya uzeeni, madeni uliyonayo na uwezo wa kukopa, na kazi yenyewe, yaani inakufanya uwe nani baada ya miaka miwili. Kigezo cha kwanza nitakaa nacho muda mrefu kuliko vingine, maana ndicho watu hukihesabu vibaya.

Fedha kwa miezi 24

Tumchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa 1,600,000 na deni la Bodi ya Mikopo. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 80,000. PAYE kwenye 1,520,000 zinazobaki ni 284,000. NHIF, bima ya afya, asilimia 3, 48,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, 240,000. Kinachofika benki ni 948,000, na ada ya chama cha wafanyakazi sijaigusa.

Mradi unamwita kwa 2,800,000. NSSF asilimia 10 ni 280,000. PAYE ni 584,000. Bodi ya Mikopo, ambayo haijui kama upo kwa muda au milele, inachukua 420,000. Kinachofika benki ni 1,516,000. Ziada ni 568,000 kwa mwezi. Kwenye simu ya Alhamisi ilisikika kama mara mbili. Benki imekuwa kama asilimia 60. Si haba, lakini si ile uliyoisikia. Kitu kimoja cha kukufariji ni kwamba zile 180,000 za ziada zinazokwenda Bodi ya Mikopo hazijapotea, zinapunguza deni lako.

Sasa hesabu ya miaka miwili. Wa kudumu, bila nyongeza yoyote, anapokea 22,752,000. Wa mkataba anakifikia kiasi hicho, pungufu ya 12,000 tu, akifanya kazi miezi 15. Maana yake anaweza kukaa bila kazi miezi tisa katika hiyo 24 na bado wakatoka sawa. Ukiipata namba hii kwa mishahara yako mwenyewe, umepata kitu cha maana kuliko mshahara wa mwezi: chukua jumla ya miezi 24 ya unakotoka, igawe kwa kinachofika benki kwa unakokwenda. Jibu likitoka miezi 12, una nafasi kubwa. Likitoka 20, huo mkataba unakuomba ubebe hatari bila kukulipa.

Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Mkataba wangu wa kwanza uliisha baada ya miezi 18. Mkuu wa mradi alikuwa amenihakikishia zaidi ya mara tatu kwamba utaongezwa, na haukuongezwa. Nikakaa nyumbani miezi saba. Kwenye karatasi bado nilikuwa mbele. Benki nilikuwa na mshahara wa mwezi mmoja na nusu, kwa sababu ile ziada nilikuwa nimeizoea tangu mwezi wa pili: nyumba yenye geti, shule ya basi la njano, michango ya harusi ya kiwango cha "mtu wa mradi". Nilidhani ni nyongeza ya mshahara. Ilikuwa ni mshahara wa ile miezi saba, nimelipwa kabla, na nikaula kabla. Anayeziweka pembeni zile 568,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja ana 6,816,000, yaani miezi saba ya maisha yake ya zamani bila kumpigia mtu simu.

Upande wa kudumu nao una fedha zake zisizoonekana siku ya simu. Kuna kupanda daraja, na kuna Mei Mosi. Mwaka 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilitangazwa kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Aliye kwenye mkataba wa mradi husikiliza hotuba hizo kama mgeni. Mshahara wake anaujadili mara moja tu, kabla ya kusaini, na hapo ndipo wengi wetu tunaona haya kubishana. Upande mwingine, mikataba ya miradi mara nyingi ina posho za safari na vocha za simu zinazoeleweka, zisizosubiri kikao cha menejimenti. Usiziingize tu kwenye hesabu ya kodi ya nyumba.

Namna kazi inavyokatika

Ajira ya kudumu haimaanishi haikatiki. Inamaanisha kuikata kunahitaji sababu halali na utaratibu. Mwajiri binafsi anaweza kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi akifuata hatua za taarifa na mashauriano. Kiinua mgongo cha kisheria anachodaiwa ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inagota kwenye miaka kumi. Aliyetumikia miaka 25 analipwa siku 70 sawa na wa miaka kumi, labda mkataba wa hali bora, ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi, uwe umesema zaidi. Ukiacha mwenyewe kwa barua, hata hizo siku 70 hazikuhusu. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaong'ang'ania kampuni inayoyumba wakisubiri "mafao ya kupunguzwa" ambayo hawajawahi kuyakokotoa.

Mkataba wa muda maalumu unakufa wenyewe tarehe yake ikifika. Hakuna sababu ya kutolewa, hakuna kikao cha nidhamu, mara nyingine hakuna hata kwaheri. Kinachoweza kukusaidia ni kimoja: kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi nafasi ya kudai kama mwajiri alimjengea matarajio ya haki kwamba mkataba utahuishwa. Matarajio hayo yanahitaji ushahidi. Mimi nilikuwa na maneno ya korido. Barua pepe moja ingenifikisha mbali zaidi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako lalamiko la kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30. Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine, inapitia kwanza Tume ya Utumishi wa Umma.

Mkataba ukivunjwa kabla ya muda, mambo yanageuka. Fidia inayodaiwa mara nyingi ni mishahara ya miezi iliyobaki, jambo ambalo wa kudumu hana. Lakini kabla hujashangilia, tafuta kipengele kinachosema kwamba mkataba unategemea upatikanaji wa fedha za mfadhili. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Katika siku chache barua za kusitisha kazi zikafika kwenye miradi iliyofadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika hilo likaacha rasmi kuendesha misaada. Watu wa takwimu, wa maabara, wa ufuatiliaji wa wagonjwa, wenye mikataba iliyokuwa bado na miezi mingi, walirudi nyumbani katikati ya wiki. Usomapo mkataba, muulize mwajiri swali ambalo halimo kwenye fomu ya usaili: fedha za nafasi hii zinatoka wapi, na zimethibitishwa mpaka mwezi gani?

Kuna pia mlango wa kurudi. Ukitoka serikalini, kurudi ni kupanga foleni na vijana. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka umri usiozidi miaka 45. Kenya nako, wahudumu wa afya walioingizwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote (UHC) wameingia barabarani zaidi ya mara moja wakidai masharti ya kudumu. Kutoka kwenye kudumu kwenda mkataba ni barua ya ukurasa mmoja. Safari ya kurudi ndiyo yenye mabango.

Ukiugua, ukijifungua

Kisheria, waajiriwa wote wawili wana haki zinazofanana: likizo ya mwaka siku 28, likizo ya uzazi siku 84 au 100 kwa mapacha, na likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Tofauti iko kwenye saa. Haki hizi za likizo yenye malipo zinaanza ukishafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, na ukihama unaanza upya kuhesabu. Dada mwenye mimba ya miezi mitatu akisaini kazi mpya leo, atajifungua akiwa na miezi sita au hajaifikisha. Na kwa aliyepata mimba akiwa tayari kazini, mkataba wa mwaka unaweza kuisha akiwa bado kwenye siku 84.

Bima: mtumishi wa kudumu serikalini anatembea na kadi ya NHIF inayomhudumia yeye, mwenza na wategemezi hadi wanne. Miradi mingine ina bima binafsi nzuri kuliko hiyo, hospitali unachagua. Inakatika siku mkataba unapokatika. Nyumba yenye mgonjwa wa sukari au mtoto mwenye selimundu isipite mstari huu haraka.

Uzeeni

Pensheni ya kila mwezi, PSSSF au NSSF, inataka michango ya miezi 180. Miaka kumi na mitano. Wa kudumu anaifikia bila kufikiria. Wa mkataba anaifikia kwa vipande, na kila pengo linasogeza tarehe mbele. Vipindi vya mifuko miwili vinaweza kujumlishwa, hivyo ukihama kutoka PSSSF kwenda NSSF miaka yako ya nyuma haitupwi. Weka tu barua zako za uthibitisho wa michango.

Watu wengi hawajui hili: kikokotoo kinaangalia wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Mwenye miaka 48 aliyekwishavuka miezi 180 akipata mikataba ya mshahara mkubwa, na mwajiri akachangia mshahara wote, pensheni yake inaweza kupanda kuliko angebaki. Mwenye miaka 31 na michango ya miezi 60 yuko kwenye hesabu nyingine kabisa.

Kwa kiasi, wa mfano wetu anaingiziwa asilimia 20 kotekote. Serikalini mwajiri hutoa 15 na yeye 5. Mradini hutoa kumi kwa kumi. Kwa miezi 24 ya kudumu ni 7,680,000. Kwa miezi 15 ya mkataba ni 8,400,000. Hapo mkataba umeshinda kwa fedha na kupoteza kwa miezi tisa ya uchangiaji. Isipokuwa mwajiri asipeleke. Mkataba wangu wa pili niligundua mwezi wa nane kwamba NSSF ilikuwa imepokea michango minne tu. Ilipelekwa baada ya kelele nyingi. Tangu hapo naangalia taarifa ya michango kila mwezi, kama mtu anavyoangalia luku.

Kuna pia fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na kazi ikamtoka bila hiari yake. Mkataba wa miezi 12 peke yake haukufikishi huko, na anayeacha kwa barua yake mwenyewe asilitegemee.

Madeni

Hiki ni kifupi, lakini ndicho kinachoamua zaidi kuliko watu wanavyokiri. Wa kudumu anakopesheka. Benki inamwona kama mti wa matunda: itamkata kwa miaka, mradi theluthi ya mshahara ibaki. Wa mkataba anakopeshwa ndani ya miezi iliyobaki tu. Una miezi kumi? Mkopo uishe kwa kumi.

Kama una mkopo wa mshahara unaoendelea, toa karatasi zake kabatini usome kipengele cha kuacha kazi. Mikataba mingi inairuhusu benki kudai salio lote mara moja. Angalia pia SACCOS: uliodhaminiana nao watakutafuta, na usipopata mdhamini wa kuziba nafasi yako, akiba zako zinakaa zimefungwa kwa deni la mwenzako. Mtu mwenye deni la milioni 14 na miaka mitano mbele hachagui kati ya kazi mbili. Anachagua kati ya kazi na benki.

Kazi yenyewe

Ajira ya kudumu inakupa kina. Unajua faili lilipolala, unajua nani akisaini jambo linaenda. Unapata ruhusa ya masomo na kiti chako kinakungoja. Lakini waliokuwa kazini mwaka 2016 wanakumbuka madaraja yaliposimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Kupanda hakumo mikononi mwako peke yako. Wapo pia ambao miaka kumi yao ni mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi, na wanalijua hilo wakiwa wanajaza PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi.

Mkataba unakupa mwendo. Katika miezi 18 nilifunga hesabu za fedha za wafadhili watatu, nikajifunza mfumo ambao idara yangu ya zamani ilikuwa bado inaujadili kwenye semina. Unapimwa kwa ulichotoa. Gharama yake ni kwamba miezi mitatu ya mwisho hufanyi kazi kwa moyo: nusu ya siku ni ripoti ya kufunga mradi, nusu ni kutuma maombi. Na kila mahali unapoingia wewe ni mgeni tena, unauliza choo kiko wapi.

Nani inamfaa ipi

Kudumu inamfaa mwenye mkopo mrefu, mwenye mgonjwa anayeishi kwa bima, anayetaka kwenda masomoni kwa ruhusa, aliyebakiza michango michache kufika 180, na yule ambaye akikaa mwezi bila mshahara hapati usingizi. Hili la mwisho ni tabia, si udhaifu. Mke wangu yuko hivyo, na ndiyo sababu mmoja nyumbani kwetu amebaki kwenye kudumu.

Mkataba unamfaa mwenye taaluma inayotafutwa na waajiri zaidi ya wawili mjini kwake: takwimu, fedha za wafadhili, ununuzi, mifumo ya kompyuta, uhandisi wa ujenzi. Unamfaa asiye na deni la mshahara, mwenye mwenza mwenye kipato, na aliyefika ukutani pale alipo. Unamfaa sana mwenye simu inayoita. Kama katika miaka miwili iliyopita hakuna aliyekutafuta kukuuliza kama uko tayari kuhama, chukua hiyo kama taarifa kuhusu urefu wa miezi utakayokaa nyumbani.

Kwa hali yako

Una miaka 28 mpaka 33, huna mtoto au una mmoja, huna mkopo, na idara yako haina kitu kipya cha kukufundisha: mkataba wa miezi 12 au zaidi, hesabu ya miezi 24 ikitoka 15 au chini, ni hatari unayoweza kuibeba. Fungua akaunti ya pili siku ya mshahara wa kwanza na ile ziada iende huko kabla hujaiona.

Uko serikalini na hutaki kufunga mlango: kabla ya barua ya kuacha kazi, ulizia likizo bila malipo au kuazimwa. Si kila mwajiri atakubali, na kibali kinachukua muda kuliko Jumatatu waliyokupa. Lakini nimeona mradi ukisubiri wiki sita kwa mtu waliyemtaka kweli.

Una mjamzito nyumbani, au ni wewe: omba tarehe ya kuanza isogezwe mpaka baada ya uzazi. Wakikataa, baki. Zile siku 84 zenye mshahara na kadi ya bima ni fedha taslimu.

Kampuni yako inayumba, mishahara inachelewa, NSSF haipelekwi: hapo hulinganishi kudumu na mkataba. Unalinganisha mkataba wenye tarehe ya mwisho inayojulikana na mwingine ambao tarehe yake imefichwa. Mkataba ulioandikwa vizuri unaweza kuwa ndio wenye uhakika zaidi.

Uko kati ya 45 na 52, miezi 180 imetimia: piga hesabu ya pensheni kwa njia zote mbili ofisini kwa mfuko wako, kwa karatasi. Kama mkataba unalipa mchango kwa mshahara wote na ni wa miaka miwili au mitatu, unastahili kusikilizwa. Kama ni wa mwaka mmoja, kumbuka lile sharti la umri kwenye matangazo.

Una mkopo wenye zaidi ya miaka mitatu mbele: nenda benki kwanza, mradini baadaye. Uliza salio la kulipa leo ni kiasi gani, na kama wanakubali kuhamisha makato kwenye mshahara wa mkataba. Jibu la benki likiwa hapana, mshahara mpya inabidi uweze kulifuta deni ndani ya muda wa mkataba, ziada yote ikiingia humo.

Na kama ulichonacho ni ile simu tu, Jumatatu omba rasimu. Tafuta ndani yake tarehe ya kuanza na ya kumaliza, nani analipa NSSF na kwa mshahara upi, bima inamhusu nani, kipengele cha fedha za mfadhili, notisi ya kila upande, na kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba kama kipo. Mkishakubaliana, saini, subiri nakala iliyosainiwa na wao pia ikufikie mkononi, ndipo uandike barua ya kuacha kazi, ukihesabu mwezi wa notisi kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuanza.